Kura kwa Kadi ya Chakula

Mjini Lodwar, kwenye benchi la mbele ya duka la dawa ambako sisi walimu wastaafu hukutana kusoma magazeti yaliyochelewa siku moja, suala la demokrasia kwa Waarabu huamuliwa kabla chai haijapoa. Hawaiwezi. Mmoja atasema ni dini, mwingine atasema ni mafuta, na wa tatu, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, atasema ni jangwa, huku yeye mwenyewe ameketi jangwani na kitambulisho cha kupigia kura kimo mfukoni mwake. Nimewasikiliza kwa miaka mingi. Kila mara nimewauliza ni nani kati yao amewahi kuzungumza na Mwarabu kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe kimoja. Wao hunijibu kwamba mambo hayo yanajulikana. Jibu hilo sijalikubali hata siku moja. Kinachojulikana na kila mtu bila kuonwa na mtu yeyote mimi hukiita uvumi, na nilifundisha historia na uraia kwa zaidi ya miaka thelathini nikiwakata wanafunzi alama kwa sababu yake.

Ninaandika haya kwa kuwa nilipata nafasi ya kuona kidogo kwa macho yangu mwenyewe. Nilichokiona hakikunipa raha, wala hakikunipa ushindi juu ya wenzangu wa benchi.

Baada ya kustaafu nilikubali kazi ya kufundisha Kiswahili kwa watu wazima katika kambi ya Kakuma. Nilikaa huko kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kisha nikapanda basi kurudi nyumbani. Darasa lilikuwa la mabati, sakafu yake ya saruji imepasuka, na ua wake ulikuwa wa matawi ya mathenge ambayo miiba yake ilitoboa viatu vya kila mtu bila kubagua taifa. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wa Sudani waliokimbia baada ya vita kuingia Khartoum: wafamasia, madereva, makarani, akina mama ambao hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja watajifunza kuomba maji kwa lugha nyingine.

Aliyeketi mbele kabisa alikuwa mtu wa rika langu, mkaguzi wa shule kutoka Omdurman, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Wote walimwita mkaguzi, nami nitamwita hivyo. Wiki ya kwanza nilimuuliza waziwazi kama yeye ni Mwarabu.

"Ya ustadh," alisema akicheka, "hiyo swali ni kubwa. Nikiwa Khartoum, mimi Mwarabu. Nikaenda mji wa Sanaa, ng'ambo ya bahari, kufundisha miaka mingi, wakaniambia, wewe si Mwarabu, wewe mtu mweusi anasema Kiarabu. Nimefika hapa Kakuma, Waturkana wananiita Mwarabu tena. Nimerudishiwa!"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikasahihisha sarufi yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya.

Tulizoea kubaki baada ya somo. Nilimtaka anieleze aliyoyaona katika nchi za Kiarabu alikoishi, na nilimwekea sharti: atenganishe alichokiona na alichokisikia. Alilipenda sharti hilo kama mkaguzi anavyopenda daftari safi. Kule Sanaa, alisema, aliwaona vijana wakiishi ndani ya mahema uwanjani kwa miezi, wakidai mtawala aondoke. Mtawala aliondoka. Kisha wananchi walipewa karatasi ya kura yenye picha moja tu.

"Uliiona hiyo karatasi?"

"Niliona kwa macho yangu. Picha moja. Mwalimu mwenzangu alipiga kura, akarudi anacheka, akasema: mara ya kwanza katika maisha nimemchagua mshindi."

"Na Tunis? Inasemekana huko walibadilishana serikali kwa kura, kisha wakachoka."

"Tunis nilisikia tu."

"Basi tuiache."

"Ya ustadh, wewe hata malaika akikuletea habari utamdai barua yenye muhuri."

Khartoum hakuisikia. Aliishi ndani yake. Alikuwapo watu walipoketi mbele ya makao makuu ya jeshi baada ya mtawala mmoja kukalia kiti kwa miaka thelathini. Alikwenda kila jioni na birika la chai na mkate. Mwanawe, aliyekuwa anasomea udaktari, hakurudi nyumbani kabisa. Alikuwa katika hema la huduma ya kwanza. Asubuhi kikao kile kilipovunjwa kwa risasi, mkaguzi alitembea kutoka hospitali moja hadi nyingine. Siku ya tatu walimkabidhi maiti. Aliyasimulia haya bila kupaza sauti, akiwa amekunja mikono juu ya dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto. Kisha akaniambia jambo ambalo nililiandika jioni ile ile, kwa hiyo sina shaka na maneno yake.

"Mimi nina miaka karibu sabini. Nimepiga kura mara nyingi. Haijahesabiwa hata moja. Kabla ya kufa nataka moja tu ihesabiwe."

Wakati huo jumuiya yao katika sehemu ile ya kambi ilikuwa na kamati ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa sukari na unga, mnene, mpole wa sauti, ambaye wazee walimkubali siku walipofika na hawakulirudia jambo hilo. Sitamsingizia. Aliwazika wafu kwa sanda alizonunua mwenyewe. Kijana akikamatwa na polisi, yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa kituo hadi aachiwe. Watu hawakumwogopa, walikuwa ndani ya wema wake, na kutoka humo ni vigumu kuliko kutoka ndani ya hofu. Ofisi ya kambi ilipoagiza kwamba kamati zote zichaguliwe kwa kura, alisema hana kinyongo. Mkaguzi alijitokeza kushindana naye. Pande zote mbili zilikubaliana niwe msimamizi, kwa kuwa sikuwa ndugu wa mtu wala mteja wa mtu.

Hapa sina budi kumleta mwanamke mmoja, ambaye bila yeye uchaguzi ule ungekuwa mazoezi tu. Alikuwa mjane, mwanafunzi wangu wa safu ya pili, aliyeuza chai ya mnanaa na kahawa ya tangawizi nje ya darasa kabla ya somo. Mumewe alifia njiani kabla ya kuvuka mpaka. Alipoandikishwa kambini, jina lake lilikaa juu ya kadi ya chakula, kwa maana kila nyumba ina kadi moja yenye majina ya wote, na aliye juu ndiye mkuu wa nyumba: yeye huitwa, yeye hupokea unga, yeye husikilizwa ofisini. Mwaka ule ndugu wa marehemu mumewe alifika na familia yake, akataka kadi mbili ziwe moja na jina la juu liwe lake. Kwa mambo ya namna hiyo ofisi huomba ushauri wa kamati, na husaini kama kamati ilivyoshauri. Mwenyekiti alikwisha kusema mbele ya watu kwamba nyumba isiyo na mwanamume juu yake ni jambo la wakati wa vita, nalo lina mwisho. Mkaguzi alisema mbele ya watu wale wale kwamba kadi itabaki kwa mjane.

"Mwalimu," mjane aliniambia akinimiminia chai, "hawa wanaume wanasema demokrasia, demokrasia. Mimi sitaki demokrasia. Mimi nataka kadi yangu."

"Mama, ndiyo hiyo hiyo," mkaguzi akamjibu kutoka kwenye dawati lake.

"Kama ndiyo hiyo hiyo, mbona yenu ina maneno mengi?"

Niliziandika kanuni mwenyewe, kwa Kiswahili, na mkaguzi akazitafsiri mbele ya mtu wa mwenyekiti ili pasiwe na malalamiko. Kila mtu mzima kura moja, mwanamke sawa na mwanamume. Kura ya siri, nyuma ya pazia. Na ili mtu asipige mara mbili, wala mgeni asiingie kutoka sehemu nyingine ya kambi, kila mpiga kura aje na kadi ya chakula ya nyumba yake, nami nitaweka alama mbele ya jina lake. Asiye na kadi hatapiga kura. Kanuni zilibandikwa kwenye bomba la maji na mlangoni mwa msikiti kwa wiki tatu. Sharti la kadi lilinifurahisha kuliko mengine yote. Nililiona limefunga kila mlango.

Lakini watu wale walikuwa na desturi ambayo nilikwisha kuiona mara nyingi bila kuitazama. Siku za kugawa chakula, familia zilizotoka eneo moja kule kwao humpa kadi zao mtu mmoja wanayemwamini, ambaye wao humwita mzee wa kupanga. Yeye hukaa kwenye foleni na bunda la kadi lililofungwa kwa mpira, ili wenzake waitwe pamoja, na wanawake wasisimame juani kutwa. Jioni hurudisha kadi kwa wenyewe. Mtu hamuulizi mzee wa kupanga kwa nini anaihitaji kadi. Kumuuliza ni kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Ni desturi nzuri, iliyotengenezwa na watu waliopoteza kila kitu isipokuwa kuaminiana. Mimi niliyaona mabunda yale kila mwezi, nikayapita.

Siku moja kabla ya kura, mnamo saa kumi alasiri, nilikuwa peke yangu darasani nikikunja karatasi. Mjane aliingia bila birika lake, jambo ambalo peke yake lilitosha kuniambia kwamba kuna habari.

"Ustadh, wanakusanya kadi."

"Akina nani?"

"Wazee wa kupanga. Wote ni watu wa mwenyekiti. Wanasema ni kwa ajili ya kesho, wapange."

"Umewaona wakikusanya?"

"Jirani ameniambia."

"Yeye ameona?"

"Ameambiwa na dada yake."

"Kadi yako wewe iko wapi?"

Aliitoa kifuani, imezungushiwa nailoni. "Mimi ninayo. Shemeji aliiomba, nikamwambia imelowa, naianika."

"Basi njoo nayo kesho upige kura. Na huyo aliyeona kwa macho yake, mwambie aje aniambie mwenyewe, nitaandika."

Aliirudisha kadi kifuani. "Aliyeona ni yule aliyetoa, ustadh. Akija kwako kusema, amemtukana mzee wake. Nani atakuja?"

Nilimwambia kwamba siwezi kusimamisha uchaguzi wa watu wote kwa maneno yaliyopita vinywa vitatu. Nilimwambia kwa upole, nikidhani upole ulikuwa unanitosha. Kutoka pale darasani hadi nyumba ya kwanza ya mwanachama yeyote wa jumuiya ile ni mwendo wa dakika tano. Ningeweza kutembea na kuangalia. Niliketi nikaendelea kukunja karatasi, nikihakikisha kila mkunjo umenyooka.

Asubuhi yake watu walifika mapema kuliko nilivyotarajia. Wanaume walikuja na kadi. Baadhi ya wanawake walikuja na kadi. Kisha wakaanza kuja wasio nazo, wanawake ambao majina yao yalikuwa juu ya kadi kama la mjane, wamevaa nguo zao safi, wengine na watoto migongoni.

"Kadi yako iko wapi, mama?"

"Kwa mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wa kupanga."

"Kamwambie akupe."

Wa kwanza alikwenda, akarudi baada ya nusu saa na vumbi hadi magotini. "Amesema jioni. Amesema bado anapanga."

Kura zilikuwa zifungwe saa kumi. Nilifungua daftari jingine, nikaandika jina lake, nikampa pole, nikaita anayefuata. Hadi adhuhuri ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa, na nilijua kwa hakika, bila kuambiwa na mtu yeyote, kwamba nilichokiita uvumi jana kilikuwa kimesimama mbele yangu katika foleni. Waliorudishiwa kadi zao mapema walikuwa wa nyumba ambazo hazikuwa na shaka juu ya mwenyekiti.

Mkaguzi alikuja mezani pamoja na mmoja wa wanawake wasio na kadi. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kwa Kiswahili bora kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Ustadh, huyu mama amekaa darasani kwako mwaka mzima. Unamjua?"

"Namjua."

"Unajua ni mtu mmoja, si wawili?"

"Najua."

"Basi mpe karatasi."

"Kanuni inasema kadi."

"Kanuni uliandika wewe."

"Ndiyo maana siwezi kuivunja. Nikiibadilisha saa sita mchana kwa kukuridhisha wewe, mwenyekiti ataniuliza kwa nini sikuibadilisha asubuhi kwa kumridhisha yeye."

Mwenyekiti alikuwa ameketi chini ya turubai, tasbihi mkononi. Alitusikia.

"Mwacheni ustadh," alisema kwa sauti yake ya upole. "Huyu ni mtu wa sheria. Wallahi, tungekuwa na watu kama huyu Khartoum, tusingekuwa hapa."

Watu waliokuwa karibu walitikisa vichwa kwa kukubali. Katika maisha yangu ya utumishi nimepewa vyeti viwili na saa moja ya ukutani. Sijawahi kusifiwa kwa maneno yaliyoniumiza kiasi kile, na hata hivyo sikuinuka kitini.

Ningeweza kuahirisha. Nilikuwa nimejiwekea kifungu cha kuahirisha iwapo itatokea mvua kubwa au fujo. Hapakuwa na mvua, na wanawake wale hawakufanya fujo. Wangefanya, ningepata sababu. Walikwenda na kurudi juani, mmoja mara tatu, bila kumpigia mtu kelele, kwa sababu aliyeshika kadi zao alikuwa mtu waliyemheshimu.

Tulihesabu mbele ya wote. Nilifungua kila karatasi, nikaiinua juu, nikaitaja, nikaiweka upande wake. Mkaguzi alifuatilia kila moja kwa macho. Mwenyekiti alishinda. Tofauti kati yao ilikuwa ndogo kuliko idadi ya wanawake niliowaandika katika lile daftari la pili.

"Zimehesabiwa sawa," alisema mkaguzi.

"Zimehesabiwa sawa."

"Hata moja haikuibiwa."

"Hata moja."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, na uzi ukakatika. "Basi nimeipata," alisema. "Ile kura yangu iliyohesabiwa." Kisha akamwendea mwenyekiti akampa mkono, na mwenyekiti akamkumbatia kwa dhati kabisa.

Nilitia saini. Niliambatanisha orodha ya waliorudishwa na maelezo ya ukurasa mzima. Ofisi ilihitaji ukurasa wa kwanza tu, ule wenye majumlisho, na karani alinirudishia mengine akisema hayana mahali pa kuwekwa kwenye faili.

Hapa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi nililisimulia darasani kana kwamba lilimpata mtu mwingine. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika enzi za kura ya mlolongo, wananchi walipangwa nyuma ya wagombea wao mchana kweupe, nami nilikuwa karani wa kituo kimoja kwenye barabara ya kwenda Lokichar. Mstari mmoja ulipinda ukapita mti wa mwisho wa uwanja. Mwingine haukufika kwenye kivuli cha kwanza. Ofisa aliyekuwa juu yangu aliniambia niandike kwamba mfupi umeshinda, nami nikaandika, wananchi wakinitazama. Kule niliandika uongo, na kila aliyekuwapo aliujua. Kakuma niliandika ukweli hadi tarakimu ya mwisho. Nimejaribu kupima ni lipi kati ya hayo mawili lililo baya zaidi, na kila ninapoanza kulipima lile la Kakuma mizani yangu haitulii.

Wenzangu wa benchi wameniuliza, sasa kwa kuwa nimekaa nao, Waarabu wataiweza au hawataiweza. Naweza kushuhudia haya tu. Niliwaona watu wa lugha ya Kiarabu, walioletwa na vita hadi mlangoni mwangu, wakijua vizuri kura ni nini kuliko wanafunzi wengi niliowapa alama za juu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Walishindwa na mtu mwema aliyewazoesha wema wake, na kanuni safi ya mgeni aliyejiamini. Kule Khartoum au Sanaa, amani ikirudi, mahali pa kadi patakuwa na mkate, petroli, vibali vya safari, na nyuma yake bunduki. Sioni wema wa aina ile ukipungua. Kwa hiyo, mtu akinitaka nimpe matumaini, sina, na sitaazima ya mwingine.

Nilizunguka siku zilizofuata uchaguzi, kwa miguu ambayo ingepaswa kutembea mapema, nikatafuta ushahidi. Nilikwenda nyumba hadi nyumba na daftari. Walinikaribisha wote. Mmoja aliniletea kiti chake pekee.

"Ulinyang'anywa kadi?"

"La, ustadh. Hakuninyang'anya mtu. Nilitoa mwenyewe."

Wote walisema hivyo, na wote walisema kweli.

Kamati mpya ilikaa siku ya kumi baada ya uchaguzi, katika darasa langu, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye viti. Shauri la kwanza lilikuwa la kadi. Shemeji aliketi upande mmoja. Mjane alisimama mlangoni, kwa sababu viti vilikwisha. Mkaguzi aliomba ruhusa ya kusema, akapewa, kwani mwenyekiti hakuwa mtu wa kumnyima mtu nafasi ya kusema. Alisema kwamba kamati ile haikuchaguliwa na nyumba zote, na haina haki ya kuamua juu ya nyumba ya mtu. Akanitaja mimi kama shahidi.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mzee wangu, karibu. Wewe uliona mtu anakusanya kadi?"

"Niliona wanawake waliokuja bila kadi."

"Hiyo sote tuliona. Nauliza, uliona anayekusanya? Kwa macho yako?"

"Sikuona."

"Kuna mtu alikuja akakuambia ameona?"

"Alikuja mtu aliyesikia."

"Ahsante," alisema, na sidhani alikuwa ananidhihaki. "Ustadh hasemi asichokijua. Mimi namheshimu kwa hilo."

Waliamua kabla ya swala ya alasiri. Kadi mbili zitakuwa moja, jina la juu la shemeji, majina ya mjane na wanawe chini ya watoto wa shemeji kwa kuwa kadi huanza na mkuu wa nyumba na wanawe, wengine chini. Waliahidi kwamba hatadhulumiwa chakula. Mjane aliitoa kadi kifuani, akaifungua nailoni, akaipitisha kwa mkono wa mtu hadi mezani. Nailoni akabaki nayo.

"Mimi niliwaambia," alisema kutoka mlangoni, si kwa mtu mmoja. "Niliwaambia nataka kadi tu."

Hakuna aliyemkemea.

Ilibaki barua ya kupeleka ofisini. Ofisi huko husoma Kiingereza, na mwenyekiti alinisogezea karatasi na kalamu, akasema hakuna katika kambi nzima mwenye mwandiko na Kiingereza kama changu, na kwamba barua yangu haitaulizwa maswali. Mkaguzi alikuwa ananitazama. Mjane hakunitazama.

Nilikataa. Nilisema kwamba sitaandika, nikaeleza sababu, nikaomba radhi mbele yao wote kwa kutotembea zile dakika tano siku nilipoambiwa. Mwenyekiti alisikiliza hadi nilipomaliza, akasema hakuna tatizo. Barua iliandikwa na kijana mmoja wa dukani kwake, kwa Kiingereza kibovu, na ofisi iliielewa vizuri siku hiyo hiyo.